Chai ya Bei Nafuu Iliyomwagwa Baharini: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Kodi na Uasi wa Makoloni ya Marekani

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 ambapo shehena ya chai ilitupwa katika bandari ya Boston, mji mkuu wa koloni la Kiingereza la Massachusetts huko Amerika, na aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe iliyoibeba. Tumechagua saba. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na zilizokuwa ndefu tumezifupisha bila kuzigeuza maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba watu wa Boston waliimwaga chai kwa sababu Waingereza walipandisha kodi yake. Binti yangu, ambaye sasa yuko chuoni, ananiambia kuwa chai ile ilikuwa imeshushwa bei. Mmoja wetu amekosea. Ni nani? – Mzazi anayesubiri hukumu

JIBU: Binti yako yuko sahihi, na tunakuomba uipokee hukumu hii kwa moyo mkunjufu, maana kosa lako ni la wengi.

Mnamo Mei 1773 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Chai, na ndani ya sheria hiyo hamkuwa na hata peni moja ya kodi mpya. Ushuru uliokuwepo, yaani peni 3 kwa kila ratili ya chai iliyoingia katika makoloni, ulikuwa umewekwa tangu mwaka 1767, nao uliachwa palepale. Kilichobadilika ni njia ambayo chai ilipitia. Hapo awali Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ililazimika kuiuza chai yake kwa mnada jijini London. Wafanyabiashara wa London wakainunua, wakawauzia wenzao wa Boston, New York na Philadelphia, nao wakawauzia wenye maduka, na kila mkono ulioipokea ukaongeza faida yake. Kampuni ilikuwa taabani kwa madeni, na maghala yake yalikuwa yamefurika chai ipatayo ratili milioni 17 ambayo haikuwa na mnunuzi. Sheria mpya iliiruhusu kuipeleka chai hiyo moja kwa moja Marekani kwa mawakala wake yenyewe, na tena ikairudishia ushuru ambao ingelipa kwa kuiingiza chai hiyo Uingereza. Kwa sababu hiyo, hata baada ya kulipiwa zile peni 3, chai halali sasa iliweza kushindana na chai ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyonywewa katika nyumba nyingi za makoloni bila mtu kuona haya.

Hapo ndipo penye fundo. Mnunuzi wa kawaida angepata nafuu, lakini kila ratili ambayo angeinunua ingekuwa imelipiwa peni 3 zilizotozwa na bunge ambalo hakulichagua, na baada ya majira machache ya kunywa chai hiyo asingeweza tena kusema kwamba haitambui haki ya bunge hilo kumtoza. Samuel Adams, kiongozi wa wapinzani mjini Boston, na wenzake waliiona bei ile kuwa chambo. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na neno linaloieleza hofu yao vizuri kuliko Kiingereza chao wenyewe: chai ile ilikuwa chai, kwa maana ile ya chini ya meza.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila aliyekasirika alikasirika kwa ajili ya katiba. Wafanyabiashara ambao hawakuteuliwa kuwa mawakala waliona biashara yao ikinyakuliwa, wauza magendo waliona soko lao likifungwa, na miongoni mwa mawakala walioteuliwa mjini Boston walikuwamo wana wawili wa Gavana Thomas Hutchinson. Ugomvi wa haki na ugomvi wa tumbo ulitembea njia moja, na sioni kwamba mmoja unaufuta mwingine.

Kuhusu usiku wenyewe, ambao wasomaji wengine wanne wametuomba tuusimulie: meli ya kwanza, Dartmouth, iliingia bandarini tarehe 28 Novemba, zikafuata Eleanor na Beaver. Kanuni za forodha zilitaka ushuru ulipwe ndani ya siku 20 tangu meli ilipoingia, la sivyo maofisa waikamate shehena, na kwa Dartmouth muda huo ulikuwa unaisha usiku wa kuamkia tarehe 17 Desemba. Wenyeji walikataa chai isishushwe. Forodha ilikataa kuipa meli kibali cha kuondoka kabla ya ushuru kulipwa. Gavana alikataa kuiruhusu ipite mbele ya mizinga ya ngome bila kibali cha forodha. Aliyebanwa katikati ya milango hii mitatu ni kijana Francis Rotch, ambaye familia yake ndiyo iliyomiliki Dartmouth, na ambaye kosa lake lilikuwa kukubali kubeba mzigo wa mtu mwingine. Mchana wa tarehe 16 alitumwa kwa farasi hadi Milton, kwenye nyumba ya gavana ya nje ya mji, akaombe ruhusa kwa mara ya mwisho, huku watu wapatao 5,000 wakimsubiri ndani na nje ya jumba la ibada la Old South. Aliporudi, giza limekwisha kuingia na mishumaa imewashwa, jibu lilikuwa lilelile: hapana.

Muda mfupi baadaye makundi ya wanaume yalishuka kuelekea gati la Griffin. Kwa muda wa saa tatu hivi waliyapandisha makasha kutoka tumboni mwa meli, wakayapasua kwa mashoka na kumwaga vilivyomo: makasha 342, chai ya ratili zaidi ya 92,000, ambayo Kampuni iliithamini kwa pauni 9,659. Chai yenyewe, kinyume na jina la kampuni iliyoileta, ilitoka China. Mabaharia hawakuguswa. Kufuli moja lililovunjwa lilifidiwa kwa jingine jipya. Mtu mmoja aliyekutwa amejaza chai katika bitana ya koti lake alivuliwa nguo na wenzake na kufukuzwa kwa mateke, kwa kuwa aliyekuja kuiba alikuwa anawaharibia wote maana ya jambo walilokuja kulifanya. Maji yalikuwa yamekupwa, hivyo chai haikuzama bali ilirundikana ubavuni mwa meli kama nyasi zilizokatwa, ikabidi isukumwe ili zaidi ipate pa kuangukia. Na kulipopambazuka, mashua ndogo zilizunguka bandarini zikiipiga chai kwa makasia, mtu asije akaiokota na kuikausha.

SWALI: Mimi ni mhasibu, na kila nikisoma habari hizi huwa upande wa mkusanya kodi. Uingereza ilipigana vita vilivyowalinda watu hao, ikabaki na deni, ikawaomba wachangie kidogo. Je, hawakuwa watovu wa shukrani tu?

JIBU: Hesabu iko upande wako zaidi kuliko wasomaji wengi watakavyopenda kusikia. Vita vya Miaka Saba vilipokwisha mwaka 1763, deni la taifa la Uingereza lilikuwa limekaribia kuongezeka maradufu na kufika takriban pauni milioni 130. Serikali ilikusudia kubakiza askari wapatao 10,000 katika Amerika. Mwingereza wa nyumbani alilipa kodi kubwa mara nyingi zaidi ya mlowezi wa Massachusetts au Virginia, na kodi ya stempu, ambayo makoloni yaliiona kama tauni, wao Waingereza walikuwa wakiilipa tangu mwaka 1694. Wala si kwamba nyumbani walikuwa kondoo: kodi ya mwaka 1763 juu ya pombe ya matofaa ilileta ghasia katika mashamba ya Uingereza kwenyewe.

Waziri Mkuu George Grenville alianza na jambo ambalo wewe, ndugu mhasibu, utalitambua mara moja. Ushuru wa molasi iliyoingia kutoka visiwa vya kigeni ulikuwa peni 6 kwa galoni, na hakuna aliyeulipa. Ilitosha kumlainisha ofisa wa forodha. Mwaka 1764 Grenville aliushusha hadi peni 3, kisha akahakikisha unakusanywa kweli. Kiwango kilichopungua kikawa mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu cha kwanza kilikuwa cha kwenye karatasi tu.

Kisha ikaja Sheria ya Stempu, iliyopitishwa Machi 1765 na kupangiwa kuanza tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Usiifikirie stempu ya kubandika kwenye bahasha. Ilikuwa karatasi iliyokwisha kugongwa muhuri wa serikali, na bila karatasi hiyo wosia haukuwa wosia, hati ya ardhi haikuwa hati, na gazeti halikuruhusiwa kuuzwa. Pakiti ya karata ililipiwa shilingi 1, jozi ya dadu shilingi 10, shahada ya chuo pauni 2; na pauni moja ya wakati ule ilikuwa shilingi 20, kila shilingi ikiwa na peni 12. Malipo yalitakiwa kwa fedha ya Kiingereza, ambayo katika makoloni ilikuwa adimu, na aliyekaidi angeweza kushtakiwa katika mahakama ya mambo ya bahari, isiyo na baraza la wazee wa mahakama kutoka mjini kwake. Hata tukiliweka kando suala la haki, kisiasa ulikuwa upofu. Kodi moja iliwagusa kwa pamoja mawakili, wachapishaji wa magazeti na wenye vilabu, yaani wenye midomo, wenye kalamu, na wenye mahali ambapo midomo na kalamu hukutana jioni. Gazeti moja la Philadelphia lilitoa toleo lake la tarehe 31 Oktoba 1765 likiwa limepambwa kwa mafuvu na mifupa, kwa umbo la kaburi.

Mjini Boston hawakuishia kwenye michoro. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1765 watu walikuta sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kuwa msambazaji wa stempu, imening'inia juu ya mti, na kando yake buti kubwa ambamo shetani alikuwa akichungulia. Oliver alijiuzulu. Siku 12 baadaye kundi lilivamia nyumba ya Hutchinson, ambaye wakati huo alikuwa naibu gavana, wakavunja milango kwa mashoka, wakabomoa kuta za ndani, wakachukua fedha na vyombo, na mswada wa historia ya koloni aliyokuwa akiiandika ukatawanywa matopeni. Hutchinson, kwa faragha, alikuwa ameipinga kodi ya stempu. Ninalitaja hili kwa sababu simulizi za mapinduzi hupenda kuwaosha wahusika wake, na usiku ule haukuwa msafi. Haukuwa msafi pia usiku wa Januari 1774 ambapo ofisa wa forodha, John Malcom, alipakwa lami, akamwagiwa manyoya na kuburutwa mitaani katika baridi kali.

Ilipofika tarehe 1 Novemba, karibu wasambazaji wote walikuwa wamejiuzulu, hivyo sheria ilianza kazi pasipo mtu wa kuuza karatasi zake. Lakini kilichoiua si sanamu wala mashoka. Wafanyabiashara wa makoloni walisusia bidhaa za Uingereza, maghala ya Uingereza yakajaa, na wenye maghala hayo ndio waliokwenda kulilia Bunge. Sheria ilifutwa tarehe 18 Machi 1766. Siku hiyohiyo Bunge lilipitisha nyingine, iliyotamka kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote, vyovyote yawavyo. Watu walikuwa wanapiga kengele na kuwasha fataki, na wachache walioisoma sheria ya pili hawakupata wa kuwasikiliza.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Kama walitaka uwakilishi, kwa nini hawakuomba wapewe viti katika Bunge la London, mambo yakaisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hulipita kando.

Hawakuvitaka viti hivyo. Mwezi Oktoba 1765 wajumbe wa makoloni tisa walikutana New York na kutamka kwamba watu wa makoloni hawawakilishwi katika Bunge la Uingereza na kwamba, kwa sababu ya hali ya mahali walipo, hawawezi kuwakilishwa humo. Zingatia neno hilo, hawawezi. Bahari ya maili 3,000 ilichukua wiki kadhaa kuvukwa. Mjumbe aliyeondoka Boston angejua habari za nyumbani zilizokwisha chacha. Zaidi ya hapo, wajumbe wachache katika bunge la watu zaidi ya 500 wangeshindwa katika kila kura, na baada ya kushindwa wasingeweza tena kulalamika kwamba hawakushirikishwa. Walichotaka ni kutozwa na mabaraza yao wenyewe, ambayo yalikuwepo tayari katika kila koloni na ambayo yalikuwa yakitoza kodi miaka yote.

Wakili wa upande wa pili alikuwa na jibu, tena si la kipuuzi. Watetezi wa serikali walisema kwamba mbunge hawakilishi waliompigia kura tu bali raia wote wa mfalme popote walipo. Manchester na Birmingham hazikuwa na mbunge hata mmoja, na bado zililipa kodi. Ni kweli hazikuwa naye. Ni kweli pia kwamba Old Sarum, mahali palipobaki kilima na nyasi bila wakazi, palikuwa na wabunge wawili. Watu wa makoloni walijibu kwamba uovu mmoja hauhalalishi mwingine, lakini walikuwa na hoja kali zaidi ya hiyo: mbunge anayeitoza Manchester anajitoza na yeye mwenyewe, maana kodi ya Manchester ndiyo kodi ya jimbo lake, ilhali mbunge anayeitoza Boston anaupunguza mzigo wake mwenyewe kwa kila peni anayoiongeza kwa mwingine. Ukiulizwa katika mtihani, andika hiyo.

SWALI: Katika makala yenu mmetumia mara "kodi", mara "ushuru". Je, ni uzembe wa lugha au kuna tofauti? – Mwalimu mstaafu

JIBU: Mwalimu, kalamu yako nyekundu bado ina wino. Tulichanganya, na kosa hilo lina uzito, kwa kuwa tofauti ya maneno hayo mawili iliwahi kuendesha siasa za himaya nzima kwa miaka miwili.

Mnamo Februari 1766 Benjamin Franklin, mwakilishi wa koloni la Pennsylvania jijini London, aliitwa mbele ya Bunge kuhojiwa. Alieleza kwamba watu wa makoloni wanapinga kodi za ndani, kama ile ya stempu, ila hawajakataa ushuru wa bidhaa zinazovuka bahari, kwa kuwa ushuru huongezwa katika bei ya kitu, na asiyependa bei hukiacha kitu hicho dukani. Kwa maneno yetu: kodi hukufuata nyumbani kwako, ushuru hukungoja gatini. Charles Townshend, aliyekuwa waziri wa fedha, aliipokea tofauti hiyo kwa mikono miwili huku akiicheka. Mwaka 1767, kama ni ushuru wanaoukubali, akawapa ushuru: juu ya kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai. Hakuishi kuyaona matokeo. Alifariki Septemba mwaka huohuo.

Aliyeuvunja mtego huo ni John Dickinson, mwanasheria aliyejiita mkulima wa Pennsylvania, katika mfululizo wa barua zilizochapishwa magazetini. Alisema usiangalie mahali inapotozwa, angalia inatozwa kwa ajili gani. Ushuru wa kuongoza biashara, kwa mfano wa kuzuia bidhaa ya taifa shindani, ni kazi halali ya Bunge. Unaolenga kuchuma fedha ni kodi, hata ukivaa kanzu ya ushuru. Na fedha za Townshend zilikuwa na kazi maalumu iliyowatisha zaidi, nayo ni kuwalipa mishahara magavana na majaji. Hadi wakati huo katika makoloni mengi gavana aliletwa na mfalme lakini aliishi kwa fedha zilizopitishwa na baraza la wenyeji, na gavana anayelipwa na wenyeji huwasikiliza. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa tishio la kweli katika sheria zile, kuliko bei ya kioo na rangi.

Ususiaji ukarudi. Tarehe 5 Machi 1770 Waziri Mkuu mpya, Lord North, alipendekeza bungeni ushuru wote ufutwe isipokuwa wa chai, uliobakizwa kama alama ya mamlaka. Jioni ya siku hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, askari waliokuwa wamezingirwa na umati ulioshika theluji na marungu mbele ya nyumba ya forodha ya Boston walifyatua risasi, wakaua watu watano. Habari ya upande mmoja ilichukua wiki nyingi kuufikia mwingine.

SWALI: Ni kweli walijivika kama wenyeji wa asili ya Amerika? Kwa nini?

JIBU: Ni kweli, walijipaka masizi na kujifunika mablanketi, wakajiita Wamohawk. Kwa kiasi fulani ilikuwa ni kujificha, kwa sababu waliyoyatenda yangeweza kuwafikisha mahakamani London, na wengi wao walinyamaza kwa miongo kadhaa. Lakini vazi la haraka namna ile lisingemzuia jirani kumtambua jirani. Lilikuwa pia tamko: sisi si Waingereza wa hapa, sisi ni watu wa hapa. Wamohawk wenyewe hawakuulizwa, na vita vilipokuja wengi wao walipigana upande wa mfalme, wakiwahofia walowezi wenye njaa ya ardhi kuliko walivyoihofia London.

SWALI: Kwa hiyo vita vilianza kwa sababu ya chai?

JIBU: Vilianza kwa sababu ya adhabu ya chai. Meli zilizokwenda Philadelphia na New York zilirudishwa na mizigo yake, na Charleston chai ilifungiwa ghalani. Boston peke yake ndiyo iliyoangamiza mali, na London ikaamua kuifanya mfano. Kuanzia tarehe 1 Juni 1774 bandari yake ilifungwa hadi Kampuni ilipwe. Katiba ya Massachusetts ilibadilishwa ili baraza la juu liteuliwe na mfalme, na mikutano ya wananchi mijini ikawekewa mipaka. Makoloni ambayo yangeweza kubishana na Boston kuhusu chai hayakuweza kubishana nayo kuhusu hilo, kwa kuwa kila moja lilikuwa na katiba yake ya kupoteza. Septemba mwaka huohuo wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia, na mnamo tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vilipoanza, askari wa Uingereza waliotumwa Concord, karibu na Boston, walikuwa wanatafuta silaha, si ushuru. Katika Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, kutozwa kodi bila ridhaa kumetajwa kwa mstari mmoja tu, katikati ya orodha ndefu ya malalamiko. Mwaka 1778 Bunge lilipitisha sheria ya kuacha kuyatoza makoloni kodi za kuchuma fedha, yaani lilitoa kile kilichoombwa mwaka 1765. Wakati huo hakuna aliyekuwa akikiomba tena.

SWALI: Nimesoma mara nyingi kwamba hawa walipinga kodi bila uwakilishi. Je, wao waliwapa uwakilishi wanawake wao na watumwa wao? – Msomaji wenu wa siku nyingi, mama wa watoto watatu

JIBU: Hapana, mama, na hakuna haja ya kuizungusha hapana hiyo.

Ususiaji wenyewe ulisimama juu ya mabega ya wanawake. Bila wao kusokota nyuzi na kufuma nguo za nyumbani, na kukubali kunywa majani ya porini badala ya chai, maazimio ya wanaume yangebaki kuwa kelele. Mnamo Oktoba 1774 wanawake 51 wa Edenton, North Carolina, walitia saini kwa majina yao azimio la kuunga mkono ususiaji, na huko London walichorwa kwa kejeli. Kura hawakupewa. Hata wanaume maskini weupe katika makoloni mengi hawakuwa nayo, kwa kuwa ilimtaka mtu awe na mali ya kiwango fulani. Na kati ya watu wapatao milioni 2.5 wa makoloni 13, takriban 500,000 walikuwa Weusi, karibu wote wakiwa watumwa, ambao kwa hesabu za bwana wao walikuwa ni mali inayotozwa kodi.

Lakini waliisikia kauli mbiu hiyo, na waliielewa. Mwezi Februari 1780, vita vikiwa bado vinaendelea, kundi la wanaume Weusi walio huru wa Massachusetts liliwasilisha ombi kwa serikali mpya ya jimbo. Mmoja wao alikuwa Paul Cuffe, kijana wa miaka 21, ambaye baba yake aliletwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na mama yake alikuwa wa taifa la Wampanoag. Baadaye angekuwa nahodha na mmiliki wa meli zake mwenyewe. Walieleza kwamba wanatozwa kodi ilhali hawana kura wala ushawishi katika kuwachagua wanaowatoza, na kwamba watu wengi wa rangi yao wameingia vitani kupigania jambo hilohilo. Cuffe na kaka yake John walikuwa wamegoma kulipa. Ombi halikukubaliwa, ndugu hao wawili waliwekwa rumande kwa muda mfupi, na mwishowe wakalipa sehemu ya kodi waliyodaiwa. Mji walikotoka waombaji hao unaitwa Dartmouth, jina lilelile la meli ya kwanza ya chai.